Kuvua Protini kwa Kingamwili: Anza na Seli Isiyokuwa Nayo

Kichupa kinapofika kutoka ng'ambo, barafu yake imeshayeyuka nusu, mtu hutamani kukifungua siku hiyo hiyo. Umekingoja miezi miwili, umefuatilia karatasi za forodha, na fedha zake zimetoka kwenye bajeti isiyokuwa na nafasi ya kosa. Juu yake pameandikwa "dhidi ya p53 ya binadamu". Nakuomba uyasome maneno hayo kama ahadi ya muuzaji. Kama kingamwili hiyo kweli inaishika p53, kama inaishika hiyo peke yake, na kama itaishika katika hali utakayoiweka wewe, hayo yatajulikana mezani pako.

Kwanza igawe. Izungushe kidogo kwenye sentrifuji ili matone yaliyoganda kwenye kifuniko yashuke, kisha itie kwenye mirija midogo, mikrolita 10 hadi 20 kila mmoja, na uihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mrija unaoutumia ukae kwenye friji ya kawaida, wala usirudishwe kuganda. Ikiwa kingamwili imechanganywa na gliserini nusu kwa nusu haitaganda kwenye baridi hiyo, kwa hiyo iache kama ilivyo. Jihadhari na friza za majumbani zinazojiyeyushia barafu zenyewe: joto lake hupanda na kushuka kila siku bila wewe kujua, na kingamwili huchoka kimyakimya. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, weka mirija katikati ya vipande vya barafu ndani ya boksi la povu humo humo frizani.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara anayeanza kazi mbili: kuigundua protini kwenye utando, kazi ambayo maabara nyingi huiita westani bloti, na kuivua kutoka kwenye mchuzi wa seli kwa shanga, yaani imunopresipitesheni. Mfano nitakaoushika mwanzo hadi mwisho ni p53, kwa sababu inajulikana vizuri na kwa sababu yenyewe ilipatikana kwa kuvuliwa. Mwaka 1979 makundi kadhaa ya watafiti, miongoni mwao David Lane na Lionel Crawford huko London, na Daniel Linzer na Arnold Levine huko Princeton, yalikuwa yakichunguza protini ya virusi vya SV40 iitwayo antijeni T kubwa. Walitumia seramu ya wanyama wenye uvimbe uliosababishwa na virusi hivyo. Kila walipoipandisha antijeni T, ilikuja na mwenzake ambaye hakuna aliyemtafuta, mwenye uzito wa karibu kilodaltoni 53. Ilichukua miaka kumi hivi kueleweka kwamba mgeni huyo huzuia saratani, ingawa mwanzoni alishukiwa kuichochea.

Namba yenyewe ina somo. Jeni yake iliposomwa, p53 ilionekana kuwa na amino asidi 393, na uzito wake halisi haufiki kilodaltoni 44. Hujikokota kwenye jeli kwa sababu ya eneo lake lililojaa prolini. Basi mstari ukitokea mahali unapoutarajia haujathibitisha kitu, na ukitokea pembeni kidogo haujakanusha kitu. Uthibitisho lazima utoke kwingine.

Seli inayopaswa kunyamaza

Uthibitisho huo unatoka kwenye sampuli isiyokuwa na protini yako. Kwa p53 tuna bahati: seli za H1299, zilizotokana na saratani ya mapafu, hazitengenezi p53 kabisa, na seli za MCF-7, za saratani ya matiti, zinayo iliyo nzima. Pakia mikrogramu 20 za kila moja kwenye jeli moja, uhamishie kwenye utando mmoja, uweke kingamwili. Unataka kuona mstari kwa MCF-7 na utupu kwa H1299. Mstari ule ule ukitokea kote kuwili, simama hapo. Usiongeze maziwa, usiongeze muda wa kuosha ukidhani utaufuta ule usioupenda. Kingamwili inayosema "ndiyo" mahali ambapo jibu ni "hapana" haijakuambia chochote ilipokuwa sahihi.

Huenda protini yako haina seli ya namna hiyo. Siku hizi jeni nyingi zinaweza kukatwa kwa KRISPA (CRISPR), na ukipata seli zilizokatwa jeni hiyo hasa, umepata sampuli bora kuliko zote. Kuizima jeni kwa vipande vidogo vya RNA kunasaidia pia, ila kumbuka kwamba protini hupungua tu, haiishi. Mstari lazima upungue kwa kiasi kile kile. Njia ya tatu ni kutumia kingamwili mbili zinazoshika sehemu mbili tofauti za protini moja na kuangalia kama zinakubaliana katika seli nyingi, zenye protini nyingi na zenye chache. Hii ni dhaifu kuliko ile ya kwanza, lakini ni bora kuliko kuitegemea picha ya muuzaji.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu hasara yake imeshapimwa. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walijaribu kingamwili 13 zilizokuwa zikitumika duniani kutafuta kipokezi beta cha homoni ya estrojeni. Ni moja tu iliyofaulu katika vipimo vyote walivyotumia, nayo haikuwa miongoni mwa zile zilizopendwa zaidi. Miaka ya utafiti kuhusu mahali kipokezi hicho kinapoishi mwilini ilikuwa imesimama juu ya mistari ya protini nyingine. Mwaka 2023 mradi wa YCharOS, wenye makao yake Montreal, ulitoa matokeo ya kingamwili 614 zilizojaribiwa dhidi ya protini 65 kwa kulinganisha seli za kawaida na zile zilizokatwa jeni. Nyingi zilishindwa, na makala kadhaa zilikuwa zimeshachapishwa kwa kutumia hizo zilizoshindwa. Kabla hujanunua, tazama ripoti zao: zipo wazi na hazilipiwi. Katika majaribio hayo kingamwili zinazotengenezwa kutoka kwenye jeni inayojulikana, ziitwazo rikombinanti, zilifanya vizuri kuliko nyingine kwa wastani. Nina maoni yangu hapa: kama bajeti inatosha kichupa kimoja tu, nunua rikombinanti, hata kama ya polikloni ina makala mia zinazoitaja. Seramu ya sungura mmoja huisha siku sungura huyo anapokufa, na kichupa kinachofuata kinatoka kwa sungura mwingine.

Kimya cha sampuli isiyokuwa na protini inayotafutwa huonekana pia nje ya maabara za utafiti. Kipimo cha haraka cha malaria hutumia kingamwili zinazoishika protini ya HRP2 ya kimelea cha falsiparamu. Mwaka 2010 iliripotiwa kwamba huko Peru kulikuwa na vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2. Mgonjwa ana malaria, mstari hautokei. Kwa mganga hiyo ni hatari kubwa. Kwa anayetaka kujua kingamwili inashika nini hasa, vimelea hivyo ni sampuli ya thamani.

Iliyokunjwa na iliyonyooshwa

Swali la pili la kuuliza kichupa ni hili: unaitaka protini ikiwa katika umbo lake la asili, au ikiwa imenyooshwa? Kwenye westani bloti, protini imechemshwa ndani ya sabuni ya SDS na kunyooka kama uzi. Kwenye uvuaji, imebaki imekunjwa kama ilivyokuwa ndani ya seli. Kingamwili inayoona uzi si lazima ione fundo.

Sijui mfano ulio wazi kuliko wa p53 yenyewe. Kingamwili PAb1620 huishika p53 iliyokunjwa vizuri tu; ukiichemsha protini, haioni kitu. PAb240 hufanya kinyume: sehemu inayoishika imefichwa ndani ya p53 nzima, na hufunuliwa pale protini inapoharibika umbo, kama inavyotokea kwa p53 nyingi zilizogeuka kwenye uvimbe. Ukivua kwa PAb240 kutoka seli zenye p53 nzima utapata kidogo sana au hutapata kabisa, na unaweza kuandika kwamba p53 haipo. Peleka mchuzi ule ule kwenye westani bloti kwa PAb240 hiyo hiyo, na mstari utatokea, kwa kuwa SDS imeshaifunua. Hakuna aliyekosea, umeuliza maswali mawili tofauti. DO-1, inayoshika amino asidi chache karibu na kichwa cha p53, ambako mnyororo haujakunjika sana, hufanya kazi pande zote mbili, na ndiyo nitakayoitumia hapa. Haiitambui p53 ya panya, kwa hiyo wenye seli za panya watafute nyingine.

Ukiona karatasi ya maelezo imeandikwa "WB" (westani bloti) peke yake, usidhani "IP" (imunopresipitesheni) imesahauliwa. Huenda ilijaribiwa ikashindwa.

Kuvua

Katika seli zisizo na msukosuko p53 haidumu: nusu yake hupotea ndani ya dakika ishirini au thelathini hivi. Zipe MCF-7 doksorubisini usiku kucha, DNA ijeruhiwe, na p53 ijikusanye. Sahani moja ya sentimita 10 iliyojaa inatosha kuanzia.

Kuanzia hapa kila kitu kiko juu ya barafu. Osha seli mara mbili kwa bafa ya fosfati iliyo baridi, ondoa yote, kisha mimina nusu mililita ya bafa ya kupasulia: Tris milimola 50 yenye pH 7.5, chumvi milimola 150, EDTA milimola 1, na sabuni ya NP-40 asilimia 1. Vizuizi vya protease vitiwe dakika hiyo hiyo. Ukitumia kizuizi kiitwacho PMSF, ujue kwamba ndani ya maji yenye pH 8 nusu yake hupotea kwa chini ya saa moja. Chupa ya bafa iliyochanganywa nayo tangu Jumatatu haina kizuizi siku ya Alhamisi. Wanaotafuta fosfati juu ya protini waongeze floridi ya sodiamu na ortovanadati. Kwangua seli, ziache dakika 20 barafuni, zungusha kwa nguvu ya g 14,000 kwa dakika 15 kwenye nyuzi 4, na uchukue mchuzi wa juu.

Uchaguzi wa sabuni ni uamuzi wa kisayansi. RIPA, yenye SDS na deoksikolati, hupasua kiini vizuri na huosha uchafu, lakini hutenganisha protini nyingi zilizoshikana. Kama unataka p53 peke yake, itumie. Kama unataka kujua p53 inaambatana na nani, kaa na NP-40 na ukubali uchafu kiasi.

Pima protini. Chota asilimia 3 hadi 5 ya mchuzi na uiweke kando: hiyo ndiyo sampuli ya mwanzo, na bila hiyo huwezi kueleza kama umevua kingi au kidogo. Gawa mchuzi uliobaki mirija miwili sawa, mikrogramu 500 kila mmoja. Wa kwanza utie mikrogramu 1 au 2 za DO-1. Wa pili utie kiasi kile kile cha kingamwili ya panya ya aina ile ile, IgG2a, isiyolenga chochote ndani ya seli. Mrija wa tatu uwe wa H1299 wenye DO-1. Wengi huuacha huu wa tatu wakidhani wa pili unatosha. Hautoshi. Ule wa IgG unakuonyesha vinavyonata kwenye shanga na kwenye kingamwili yoyote. Wa H1299 unakuonyesha vinavyonata kwenye DO-1 hii hasa.

Zungusha taratibu kwenye nyuzi 4 kwa saa mbili, au usiku kucha kama protini ni adimu, kisha tia shanga, mikrolita 25 hivi, kwa saa moja. Shanga za sumaku ni ghali kuliko za agarosi, lakini hazipotei wakati wa kuosha, na kwa anayeanza ningezichagua hizo. Zimevikwa protini A, iliyotoka kwa bakteria wa stafilokoka, au protini G, ya streptokoka. Sungura hushikwa vizuri na zote mbili. Kwa panya inategemea aina: IgG2a hushikwa vizuri na A, IgG1 hushikwa kwa udhaifu, na hapo G ni salama zaidi. Kwa kingamwili za mbuzi pia chagua G.

Osha mara nne kwa bafa ile ile baridi, na katika mara ya mwisho hamishia shanga kwenye mrija mpya. Hatua hiyo ndogo huacha nyuma protini zilizonata kwenye kuta za plastiki, na nimeiona ikisafisha picha kuliko kuosha mara nne zaidi. Usimwage mchuzi uliobaki baada ya shanga kutolewa: upakie pia. Kama p53 bado imejaa humo, DO-1 yako haikutosha.

Mstari unaodanganya

Hapa ndipo nilipopoteza wiki sita za mwanzo wa kazi yangu. Nilivua p53, nikachemsha shanga, nikaweka utando kwenye DO-1 ile ile na kingamwili ya pili dhidi ya panya, yaani ile inayoishika DO-1 ili ionekane. Mstari mnene ukatokea karibu na 53, mzuri kuliko wowote niliowahi kuona. Nilijenga juu yake majaribio mengine matatu. Sikuwa nimepakia H1299.

Kingamwili ya IgG ina kilodaltoni 150 hivi. Ukiichemsha na kikali kinachovunja vifungo vya salfa, kama ditiothreitoli au merkaptoethanoli, hugawanyika kuwa minyororo mizito ya karibu 50 na myepesi ya karibu 25. Mnyororo mzito hukaa palepale p53 inapokaa, na kingamwili ya pili dhidi ya panya huushika kwa furaha, kwa sababu nao ni wa panya. Kile nilichokiona kilikuwa chambo changu mwenyewe.

Njia za kutoka ni kadhaa. Iliyo rahisi ni kuvua kwa mnyama mmoja na kugundua kwa mwingine: DO-1 ya panya kwenye shanga, kingamwili ya sungura dhidi ya p53 kwenye utando, na kingamwili ya pili dhidi ya sungura iliyosafishwa isishike ya panya. Unaweza pia kutumia kingamwili ya pili inayoshika mnyororo mwepesi peke yake, mstari wa bughudha ukashuka hadi 25. Au unganisha DO-1 na shanga kwa dimethili pimelimidati ili isitoke, au toa protini bila kile kikali, na kingamwili ibaki nzima juu kabisa ya jeli. Kama protini yako ina uzito wa 100, huhitaji lolote kati ya haya.

Wanaotafuta mwenza wa p53

Anayevua p53 ili ampate MDM2, protini inayoipeleka p53 kuharibiwa, atakutana na tatizo jingine. MDM2 hushika p53 kuanzia amino asidi ya 18 hadi 26 hivi. DO-1 hushika ya 20 hadi 25. Viti viwili vimewekwa mahali pamoja: DO-1 itazileta zile p53 ambazo MDM2 haimo, na utaandika kwamba hazishikani. Vua kwa kingamwili ya mkiani, kama PAb421, au geuza kazi: vua MDM2, kisha utafute p53. Kwa jaribio hili doksorubisini si chaguo zuri, kwa sababu jeraha la DNA hulegeza muungano huo; ni afadhali kuzuia proteasomu kwa MG132 kwa saa chache, zote mbili zijae. Kwa protini yoyote, kabla ya kuvua, tafuta kingamwili yako inashika wapi na mwenzake anashika wapi. Muuzaji asiyetaka kusema inashika wapi, nenda kwa mwingine.

Utando

Sehemu hii imeandikwa vizuri kwingi, nitaipita haraka. Jeli ya asilimia 10 inaifaa p53. Utando wa PVDF lazima uloweshwe kwanza kwa methanoli. Wa nitroselulosi hauhitaji. Baada ya kuhamisha, upake Ponceau S dakika chache: mistari myekundu itakuonyesha kama protini zimehama na kama kuna kiputo kilichokula safu. Piga picha hiyo pia. Ziba utando kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5, ndani ya bafa ya Tris yenye Tween-20. Yale ya dukani yanafaa, ila kaseini imejaa fosfati, kwa hiyo anayetafuta fosfati atumie albumini ya ng'ombe. DO-1 usiku kucha kwenye nyuzi 4, osha mara tatu, kingamwili ya pili saa moja, osha tena. Kingamwili ya kwanza iliyochanganywa inaweza kutumika mara kadhaa ukiitia azidi ya sodiamu kidogo, lakini azidi hiyo isikaribie kingamwili ya pili yenye peroksidase, kwani huua kimeng'enya hicho na utando utabaki mtupu, bila mstari wowote.

Wenye bajeti ndogo waijue benki ya haibridoma ya Chuo Kikuu cha Iowa, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambayo huuza kingamwili nyingi za monokloni bila kutafuta faida. Maabara mbili za jiji moja zinaweza pia kununua kichupa kimoja na kukigawana. Mikrogramu 100 ni majaribio mengi.

Andika kwenye daftari namba ya bidhaa na namba ya toleo la kichupa, siyo jina la protini tu. Picha ya makala iwe ya utando mzima, safu ya H1299 ikiwa ndani, hata kama mhariri anataka ikatwe. Na siku unayokuza H1299, pasua za ziada, zigawe mirija kumi na mbili na uziweke kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kipya kikifika, cha toleo jipya, hata kama jina ni lile lile, toa mrija mmoja na uanze upya na huo.